Jumla iliyogota: habari za 2,147,483,647

Bilioni mbili, milioni mia moja arobaini na saba, laki nne na elfu themanini na tatu, mia sita arobaini na saba. Ukiisoma kwa sauti haina ladha yoyote. Haina sifuri za mwishoni kama namba za bajeti, wala mpangilio wa kushika kichwani. Ukiikuta chini ya orodha ya malipo ya korosho unaipita tu, maana jumla ya fedha za watu mia kadhaa, kila mmoja na kilo zake na makato yake, hutegemei itoke imenyooka.

Ndivyo ilivyokaa kwenye ripoti za chama kimoja cha msingi huku kwetu bila mtu kuishtukia. Mimi shughuli yangu ni kompyuta za watu hapa Mtwara mjini: printa zinazotafuna karatasi, flashi zenye virusi, barua za maombi ya kazi. Msimu wa korosho ukifunguliwa naitwa vijijini pia, AMCOS hii na ile, yaani vyama vya msingi vya ushirika, kwa sababu siku hizi mkulima akishapima mzigo wake kwenye mizani, jina na kilo zinaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikileta shida malipo yanasimama. Safari ile niliitwa kwa ajili ya printa. Habari ya namba niliipata kwa mzee mmoja mwanachama, aliyekuwa amekaa kwenye benchi nje ya ofisi na ripoti mbili mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hebu niangalizie hapa. Hii ya mnada uliopita, hii ya mnada wa juzi. Korosho zimeuzwa, watu wamelipwa. Mbona jumla ya msimu haijapanda hata senti?"

Nikaziweka sambamba. Mistari ya wakulima ilikuwa sawa: kilo, daraja, bei, makato, kinachobaki. Chini kabisa, kwenye "Jumla ya msimu", karatasi zote mbili zilikuwa na 2,147,483,647. Mwenyekiti alipochungulia begani kwangu uso ukambadilika, na nilimwelewa. Huku Kusini jumla isiyoeleweka si jambo la kucheka nalo. Watu wanakumbuka malipo yaliyochelewa na makato yasiyo na maelezo, na wanajua kwamba mkulima aliyechoka kusubiri ndiye riziki ya kangomba, wale wanunuzi wa magendo wa bei ya chini.

"Kuna mtu kala?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna aliyekula, Mwenyekiti. Hii wala si jumla ya fedha zenu. Ni namba kubwa kuliko zote ambayo sehemu hii ya programu inaweza kuiandika. Imefika hapo ikagota."

Fundi aliyeitengeneza programu ile alishachukua chake zamani, na simu yake ilikuwa inaita tu bila kupokelewa. Lakini kosa lenyewe linaeleweka. Chukua ile bei ambayo kila mtu huku anaikumbuka, shilingi 3,300 kwa kilo, ambayo Serikali ilitangaza Novemba 2018 iliponunua korosho yenyewe na jeshi likapewa kazi ya kubeba. Kwa bei hiyo tani 651 tu zinavuka bilioni mbili na ushee. Hayo ni malori 22 ya tani 30. Chama kikubwa kinafika hapo msimu haujaisha. Fundi anayewaza kwa dola anaona bilioni mbili ni fedha ya nchi. Sisi kwa shilingi ni fedha ya kijiji kilichopuliza salfa kwa wakati.

Kwa nini igotee pale na si kwenye bilioni mbili kamili? Mzee wangu wa kwenye benchi nilimweleza kwa bao. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane manane. Tuseme kila shimo lina mambo mawili tu, kuna kete au hakuna. Shimo la kwanza tulipe thamani ya 1, la pili 2, la tatu 4, la nne 8, kila linalofuata mara mbili ya lililotangulia. Ukijaza matatu ya kwanza una 7, pungufu ya moja kufika 8. Ukijaza manne una 15. Jumla siku zote ni moja pungufu ya thamani ya shimo linalofuata. Programu ile ilipewa mashimo 32 kwa kila namba, ikatenga moja la kuonyesha kama namba ni hasi au chanya, yakabaki 31. Ukiyajaza yote 31 unapata 2³¹ − 1, na hiyo ndiyo 2,147,483,647. Akacheka. "Kwa hiyo bao limejaa," akasema, na sikuwa na la kuongeza.

Programu nyingine zikijaa hazigoti, zinageuka: kete inayofuata inaangukia kwenye shimo la alama, na jumla inasomeka hasi bilioni mbili na ushee. Watu huiona hiyo kuwa aibu kubwa zaidi. Mimi naona ni afadhali. Jumla ya hasi ingeonekana siku ileile na makarani wangepiga kelele. Iliyogota inafanana na fedha halali, kwa hiyo inapita, na inaweza kupita mpaka kwenye ukaguzi.

Yamewapata wakubwa pia. Desemba 2014 YouTube walitangaza kwamba video ya wimbo mmoja wa Korea Kusini imetazamwa kupita namba hiihii, na kwamba walilazimika kupanua hesabu yao kwa sababu hawakuwahi kufikiria video moja ingefika huko. Na kuna tarehe inayosubiriwa. Kompyuta nyingi zinahesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970, na zile za zamani zinaziweka sekunde hizo kwenye biti 32, yaani mashimo 32 kama yale ya bao letu. Sekunde ya 2,147,483,647 itaangukia Jumanne, tarehe 19 Januari 2038. Kwa saa zetu itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi. Sekunde inayofuata, mashine ambayo haijarekebishwa itaamini ni Desemba 13, 1901, wakati Mjerumani yuko kwenye boma lake Mikindani na Majimaji haijapiganwa. Kwenye seva kubwa kazi ya kurekebisha imeshafanyika kwa sehemu kubwa. Wasiwasi wangu uko kwenye vifaa vidogo vilivyofungwa ukutani na kusahauliwa.

Ya AMCOS yaliisha haraka. Nilibadilisha ile safu itumie biti 64, nikaiagiza programu ijumlishe upya kutoka kwenye mistari ya wakulima, ripoti ikatoka, na printa nayo ikakubali. Namba ndiyo niliyorudi nayo nyumbani, kwa sababu nilikuwa najua jambo moja juu yake ambalo sikuwa nimewahi kulifuatilia: ni namba tasa. Haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe.

Niseme mapema kwamba kompyuta haina habari na utasa wake. Kikomo kingekuwa palepale hata kama ingegawanyika kwa tatu. Kwa biti 16 kikomo ni 32,767, ambayo ni 7 × 31 × 151. Kwa biti 64, nilizowawekea wale wa AMCOS, ni 9,223,372,036,854,775,807, na hiyo inagawanyika kwa 7. Sababu si ngumu. Ukiondoa biti ya alama unabaki na mashimo 15 au 63, na kipeo kikigawanyika, namba nayo inagawanyika: kwa kuwa 3 inaingia ndani ya 63, basi 2³ − 1, yaani 7, inaingia ndani ya 2⁶³ − 1. Ili 2 kwa kipeo fulani, ukitoa moja, iwe tasa, lazima kwanza kipeo chenyewe kiwe tasa. Thelathini na moja ni tasa. Lakini hiyo ni tiketi ya kuingia foleni tu, haikupi kiti. Kumi na moja nayo ni tasa, na 2¹¹ − 1 ni 2,047, yaani 23 × 89. Ishirini na tisa ni tasa, na 2²⁹ − 1 ni 233 × 1,103 × 2,089.

Mtoto wa kaka yangu, ambaye yuko kidato cha tatu na anakaa kwangu, aliiona namba kwenye karatasi.

"Shangazi, hii ni tasa?"

"Jaribu."

Akaanza kama walivyofundishwa. Si shufwa, haiishii na 5. Tarakimu ukizijumlisha unapata 46, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3, inabaki 1. Kwa 7 ikabaki 1. Kwa 11 ikabaki 1. Hapo akainua kichwa kama mtu aliyegundua mchezo. Kwa 13 ikabaki 10, mchezo ukaisha. Lakini hakuwa ameota. Namba iliyo nyuma ya hii, 2,147,483,646, ni mara mbili ya 2³⁰ − 1, na 30 ni kipeo kinachogawanyika kila upande, kwa hiyo inavunjika vipande vidogovidogo: 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331. Namba iliyo mbele yake ni 2³¹, mbili tupu zilizozidishwa. Katikati ya majirani hao wawili waliosambaratika, hii haina hata ufa.

Tatizo la njia ya mwanafunzi wangu ni kazi iliyobaki. Kama namba ina kigawo, kimoja lazima kiwe kisichozidi kipeuo chake cha pili, ambacho hapa ni 46,340 na kidogo. Namba tasa mpaka hapo ni karibu 4,800. Kwa kalamu, hiyo ni adhabu.

Na kwa kalamu ndivyo ilivyofanyika. Mwitaliano Pietro Cataldi, wa Bologna, alidai mwaka 1603 kwamba vipeo 23, 29, 31 na 37 vyote vinatoa namba tasa. Mwaka 1640 Mfaransa Pierre de Fermat akamvunjia 23 na 37. Mwaka 1738 Mswisi Leonhard Euler akamvunjia 29. Ikabaki 31, na Cataldi hakuwa na uthibitisho wowote, alibahatisha. Katikati yao alikuwepo mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, ambaye mwaka 1644 alitoa orodha yake ya vipeo na akaijumuisha 31. Namba za aina hii zinabeba jina lake hadi leo, ingawa orodha yenyewe ilikuwa na makosa matano: aliweka 67 na 257 ambazo si zenyewe, akazisahau 61, 89 na 107. Uthibitisho wa 31 ulikuja kwenye barua ya Euler kwa mmoja wa akina Bernoulli, ukoo wa wanahisabati, iliyochapishwa Berlin mwaka 1772. Wakati huo Euler anaishi St. Petersburg na alikuwa karibu kipofu kabisa. Kwa hiyo ondoa picha ya mtu anayegawanya mara elfu nne na ushee. Alichofanya ni kujiuliza swali lingine: kama kigawo kipo, lazima kifananeje?

Swali hilo ndilo lililonikalisha macho, kwa hiyo mnivumilie.

Chukua mfano mdogo unaoweza kuushika mkononi. 2,047, yaani 2¹¹ − 1, inagawanyika kwa 23. Sasa anza na 2, zidisha kwa mbili kila hatua, na ukizidi 23 toa 23. Unapata: 2, 4, 8, 16, 9, 18, 13, 3, 6, 12, 1. Umefika 1 kwenye hatua ya 11, na ukiendelea orodha inajirudia kuanzia mwanzo. Ni lazima iwe hivyo, kwa sababu kusema 23 inagawanya 2¹¹ − 1 ni kusema 2¹¹ ikigawanywa kwa 23 inabaki 1. Na mzunguko hauwezi kuwa mfupi kuliko hatua 11, maana ungekuwa mfupi ungelazimika kuingia ndani ya 11 mara kamili, na 11 ni tasa. Sasa ongeza jambo aliloliandika Fermat mwaka 1640: kwa namba tasa yoyote, isipokuwa 2 yenyewe, ukizidisha mbilimbili hivyo, kwenye hatua iliyo moja pungufu ya namba hiyo lazima uwe kwenye 1. Kwa 23 hiyo ni hatua ya 22. Mzunguko wa 11 unafika kwenye 1 hatua ya 22 kwa sababu 11 inaingia ndani ya 22 kamili.

Hamishia haya kwa 31. Kigawo tasa chochote cha 2³¹ − 1, ukikitoa moja, lazima kigawanyike kwa 31. Na kwa kuwa kigawo ni witiri, ukikitoa moja unapata shufwa, kwa hiyo kigawanyike kwa 62. Hapohapo 3, 5, 7, 11, 13, 17, zote zile ambazo kijana alikuwa anazihangaikia, zinaondoka mezani bila kugawanya hata mara moja.

Euler alikuwa na chujio la pili. Kama kigawo kinagawanya 2³¹ − 1, basi 2³² ikigawanywa kwa kigawo hicho inabaki 2. Lakini 2³² ni mraba wa 2¹⁶. Maana yake, katika mabaki ya kigawo hicho, 2 ina kipeuo cha pili, yaani ipo namba ambayo mraba wake ukigawanywa kwa kigawo hicho unabakisha 2, na hilo hutokea tu kwa namba tasa ambazo zikigawanywa kwa 8 zinabakisha 1 au 7. Vyote viwili vikiungana, kigawo lazima kibakishe 1 au 63 kikigawanywa kwa 248. Mpaka kufika 46,340 namba za namna hiyo, ukiacha 1 na 63 zenyewe, ni 372. Na nyingi kati ya hizo si tasa, kwa hiyo zinajiondoa.

Nilimwandikia kijana zile za mwanzo: 63, 249, 311, 497, 559, 745, 807, 993, 1,055, 1,241, 1,303. Nikamwachia azichambue. 63 ni 7 mara 9. 249 ni 3 × 83. 497 ni 7 × 71. 559 ilimsumbua kidogo mpaka alipoipata 13 × 43. 745 na 1,055 zinaishia na 5. 807 na 993 zinagawanyika kwa 3. 1,241 ni 17 × 73, na hiyo ilimchukua muda. Mwisho wa uchambuzi, kuanzia 1 mpaka 1,303 zilibaki mbili tu za kugawanya kweli, 311 na 1,303 yenyewe. Akachukua 311 akagawanya kwa mkono, akipanga tarakimu chini kwa chini: 6,905,092, na baki 35. Simu ikakubaliana naye.

"Kwa hiyo huyu mzee Euler alikuwa anaruka kutoka 311 mpaka 1,303?"

"Anaruka, ndiyo."

"Sasa mbona shuleni tunaambiwa tujaribu zote?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha mtu wa kidato cha tatu. Nafikiri ni kwa sababu kujaribu zote kunahitaji mwalimu mmoja na ubao, ilhali kuuliza kigawo lazima kifananeje kunahitaji muda ambao mtaala hauna. Lakini ndiyo hisabati yenyewe. Ile nyingine ni ukarani, nami ni karani, nasema nikijua.

Namba ya Euler ilikaa miongo mingi ikiwa ndiyo tasa kubwa kuliko zote zilizojulikana. Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika juu ya namba kamilifu inayotokana nayo. Namba kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha, kama 6 ambayo ni 1 + 2 + 3. Ukizidisha 2³⁰ kwa 2³¹ − 1 unapata 2,305,843,008,139,952,128, ambayo ni kamilifu. Barlow alisema hiyo ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa kuwa namba hizi ni za kushangaza tu, hazina faida, na hakuna atakayejisumbua kutafuta nyingine. Mwaka 1876 Édouard Lucas alithibitisha 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39.

Lucas alikuwa na njia nyingine kabisa, ambayo Derrick Lehmer aliinyoosha mwaka 1930, na mpaka leo ndiyo inayotumika kuthibitisha tasa za aina hii. Haitafuti kigawo. Unaanza na 4. Kila hatua unazidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, unatoa 2, unagawanya kwa namba unayoipima na kuchukua baki. Ukimaliza hatua mbili pungufu ya kipeo, kama umefika sifuri namba ni tasa, kama hujafika si tasa. Ipime 31, yaani 2⁵ − 1: kutoka 4 unapata 14, kutoka 14 unapata 194, baki 8, kutoka 8 unapata 62, baki sifuri. Hatua tatu, kwisha. Kwa 2,147,483,647 ni hatua 29, na simu ya tochi yenye kikokotoo ingetosha kama ungekuwa na subira ya kushughulikia namba ndefu.

Kwa njia hiyo watu wamefika mbali mno. Tangu 1996 kuna mradi wa kujitolea wa kutafuta tasa za aina hii, GIMPS, alioanzisha George Woltman, ambapo mtu yeyote anaazima nguvu ya kompyuta yake. Oktoba 2024 walitangaza 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa moja. Aliyeipata ni Mmarekani Luke Durant, kwa kutumia kadi za michoro zilizokodiwa kwenye vituo vya data vya nchi nyingi. Ina tarakimu 41,024,320. Ni ya 52 kati ya namba za Mersenne zinazojulikana kuwa tasa; yetu ni ya nane.

Kila ninapozungumza haya kuna mtu anasema, aah, hizi ndizo zinazolinda benki na miamala ya simu. Hapana, si hizi. Kwenye ulinzi wa aina ya RSA, uliobuniwa 1977, namba tasa zinazotumika huokotwa kwa bahati nasibu na kufichwa. Namba ambayo kila mtu anaijua haifai kuwa siri ya mtu. Kazi ya kweli ambayo 2,147,483,647 imewahi kufanya kwa sababu ya utasa wake ni nyingine, nayo ni kutengeneza bahati nasibu yenyewe, ile ya michezo na majaribio. Mwaka 1988 wataalamu wa kompyuta Park na Miller walipendekeza kwamba kila mashine iwe angalau na kanuni hii: chukua namba, zidisha kwa 16,807, gawanya kwa 2,147,483,647, baki ndiyo namba yako mpya. Ukianza na 1 unapata 16,807, halafu 282,475,249, halafu 1,622,650,073, na unaendelea kurukaruka hivyo mpaka umepita kila namba kuanzia 1 hadi 2,147,483,646 mara moja moja, ndipo unarudi kwenye 1. Kupita zote bila kuacha hata moja kunawezekana kwa sababu kigawanyo ni tasa. Usiifanyie mambo ya fedha, kwani anayejua namba moja anajua zote zinazofuata.

Lililobaki ndilo kijana alilouliza mwenyewe kabla hajalala, na lilinifurahisha kuliko yote. Alishaona kwamba 5 ikiwa kipeo inazaa 31, na 31 inazaa hii yetu, na zote ni tasa. "Sasa na yenyewe tukiifanya kipeo, itatoa tasa?"

Kuna ukoo mmoja ambao haujakatika bado: 2 inazaa 3, 3 inazaa 7, 7 inazaa 127, 127 inazaa ile ya Lucas ya 1876, na baada ya hapo ni kubwa mno, hakuna aliyethibitisha. Ukoo wa 5 tunajua uliishia wapi. Namba aliyoiulizia kijana, 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647 ukitoa moja, ina tarakimu zaidi ya milioni 646. Hakuna mtu aliyewahi kuigawanya kwa kalamu. Lakini mwaka 1983 kigawo chake kilipatikana, nacho kina tarakimu 15 tu: 295,257,526,626,031. Kinapatikana kwa sababu chujio la Euler halijali ukubwa wa namba, linaangalia kipeo peke yake. Kigawo, ukikitoa moja, lazima kigawanyike kwa kipeo. Kijana alichukua simu, akaandika 295,257,526,626,030, akagawanya kwa 2,147,483,647, akanionyesha kioo: 137,490, bila nukta wala baki.

"Na kigawo chenyewe, kwa nane?" nikamuuliza.

"Inabaki saba," akasema, na hakugusa simu.